Anayenunua siye anayekata

Shangazi yangu wa Bagamoyo hakati kitunguu juu ya ubao. Kitunguu hukaa kiganjani, kisu kikaja taratibu kuelekea kidole gumba, na vipande vikadondokea bakulini, vyembamba hata ukikiinua kimoja unaona mwanga upande wa pili. Kwa mkono huo amekata kachumbari za harusi na maulidi pale Magomeni tangu mimi mdogo. Miaka miwili iliyopita viungo vya vidole vilianza kumsumbua. Akimaliza vitunguu vitatu anaweka kisu chini, anakunja na kukunjua kiganja, kisha anashika kisu tena. Hakuwahi kulalamika.

Siku moja nikiwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nikamnunulia kile kibao chenye wembe katikati. Muuzaji alikuwa anatelezesha karoti juu yake, huku na huku, na ndani ya dakika moja sinia limejaa. Nikalipa hata bila kukigusa. Nikapanda basi la Bagamoyo pale Makumbusho, na njia nzima, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, nimekipakata mapajani nikiwaza jinsi shangazi atakavyofurahi.

Hazikupita wiki mbili, binti wa pale nyumbani kwa shangazi, mwanafunzi wa kidato cha pili, akajikata ncha ya kidole akikata kabichi. Kibao kiliteleza juu ya meza na mkono ukaenda nacho. Alikificha kidole ndani ya kanga mpaka damu ikapenya. Walipomuuliza kwa nini hakusema, akajibu kwamba aliogopa kuambiwa hakuwa makini. Na mimi nilipopigiwa simu, swali langu la kwanza lilikuwa hilohilo: kwani hakuwa makini?

Swali hilo linaniuma hadi leo. Kibao nilikinunua mimi. Sikukigeuza kuangalia kama kina miguu ya mpira. Sikuuliza kiko wapi kishikizo cha kushikia mboga inapokaribia kuisha. Mtoto amekatika, nami natafuta kosa kwenye kidole chake. Nikianza kuhesabu nyumba ninazozijua Dar es Salaam, karibu zote ziko hivyo: mwenye pesa ananunua, dada wa kazi anakata. Sufuria yenye mkono uliolegea, jiko la mkaa linaloyumba, kisu kisicho na mpini, vyote vimechaguliwa na mtu ambaye hatavishika. Likitokea la kutokea, tunamwambia aliyeumia awe mwangalifu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumwona binti. Nilimkuta shangazi ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. Ni kitu nilichokiona maelfu ya mara, lakini siku ile nilikitazama upya. Mbuzi haisogei kwa sababu mtu mzima ameikalia. Uzito wake wote ndio unaoishikilia. Meno ya chuma yametulia mbele, hayaendi popote, na nazi ndiyo inayozunguka. Kumbe ni kazi ileile ya kibao changu: chuma kinakaa, chakula kinapita. Tofauti iko kiganjani. Nazi inakuja na kinga yake, maana kiganja kimeshika kifuu, na meno yakikaribia kifuu nazi iliyokunwa inaanza kuwa na vidoa vya kahawia. Hapo mkunaji anajua kuacha, tena kabla tui halijaharibika rangi. Karoti haina kifuu. Inapungua, inapungua, na baada ya karoti ni kidole.

Nikaanza kutafuta kibao kingine nikiwa na mbuzi kichwani. Cha kwanza, je, kinatulia? Nilitaka miguu ya mpira, au pembe chini inayokamata ukingo wa bakuli. Cha pili, kishikizo. Kiwe na meno marefu ya kuuma muhogo, kwa sababu muhogo mbichi ni mgumu na una utelezi, na kiwe kipana kufunika vidole vyote vitano. Muuzaji mmoja aliniambia kishikizo ni cha watu wasiojua kukata. Nilimrudishia kibao chake.

Wembe nao una mambo. Uliokingama moja kwa moja mbele ya nyanya huiponda kabla haujaikata. Uliokaa mshazari, au nyembe mbili zilizokutana kama herufi V, huingia kidogo kidogo na ngozi ikakubali. Kwa kabichi na muhogo, mshazari unatosha. Nilitaka pia wembe unaofunguliwa kwa skrubu, kama wa vibao vya Benriner kutoka Japani nilivyoviona kwa jirani yangu, ili ukichoka unolewe au ubadilishwe. Wembe butu ni hatari kuliko mkali, kwani unakulazimisha kusukuma kwa nguvu, na nguvu ndiyo inayoteleza. Halafu chuma chenyewe. Bagamoyo, mji ambao chumvi inavunwa Nunge pembezoni mwake, hauna huruma na bati, ukiongeza na ndimu ya kachumbari. Kikishaoshwa kifutwe hapohapo, na wembe ushushwe hadi usitokeze kabla ya kukirudisha kabatini.

Nilichokipata kiligharimu karibu mara nne ya kile cha kwanza. Sikukipeleka kama zawadi ya kushtukiza. Nilimpa shangazi akikandamize mezani kwa nguvu zake zote, akajaribu kishikizo kwa mkono unaouma, akanionyesha kwamba hakimlazimishi kubana vidole. Kisha akamwita binti, akamwachia kiti. Mtoto alisita. Kovu lilikuwa bado jekundu, na nilitamani kumwambia asiogope, ila niliona sina haki ya kusema hivyo. Shangazi akamwambia tu, "Mwanangu, kikibaki kipande cha kushikwa na meno, acha. Hicho si chako."

Walikuwa wanatengeneza krispi za muhogo. Binti alitelezesha polepole, akakusanya vipande, akavitia kwenye maji vitoe wanga visije vikashikana kwenye mafuta. Kila muhogo ulipobaki kisiki cha urefu wa kidole gumba, alikichomoa kwenye kishikizo na kukiweka pembeni. Vilifika kumi na kitu. Shangazi akavikusanya vyote, akavitia kwenye sufuria ya futari, akavuta mbuzi karibu na mlango penye mwanga, akaikalia, akaomba apewe nazi.