ONESIFORO NA MINYORORO YA PAULO

Masomo: 2 Timoteo 1:16-18, Waebrania 13:3, Mwanzo 40



Mtume Paulo alipokuwa amefungwa kule Roma, rafiki wengi walimwacha. Hatushangai. Mfungwa wa leta ni mzigo: ukijulikana kuwa ndugu yake, wewe nawe unaanza kutazamwa vibaya. Lakini kulikuwa mtu mmoja wa Efeso, jina lake Onesiforo. Huyu hakuona haya kwa ajili ya minyororo ya Paulo. Alipofika Roma alimtafuta kwa bidii mpaka akamwona. Tulishike neno hili: alimtafuta. Roma ulikuwa mji mkubwa, na mfungwa hana kibao mlangoni kinachosema yuko hapa. Onesiforo alitembea, aliuliza, na bila shaka yeye naye aliulizwa: "Wewe ni nani kwake?" Maandiko hayatuambii kama alijenga kanisa au kama alijua kuhubiri. Tunamjua kwa kazi hii, kwamba alimhudumia mtumishi wa Mungu, na kwa ajili yake Paulo aliiombea nyumba yake yote rehema.

Tunasema haya kwa sababu komite ya mashemasi imeleta ombi mbele ya kanisa: sadaka ya Jumapili ya mwisho ya kila mwezi iwasaidie wanasheria na vyama vinavyotetea wafungwa maskini. Wengine wamekubali upesi. Wengine wameuliza: "Kwa nini fedha ya Mungu iende kwa avoka? Je, hii si siasa? Na wale wahalifu?" Ni maulizo ya haki, na tutayajibu. Lakini kwanza tukumbuke tulikotoka.

1. SISI WENYEWE TULITETEWA

Mwaka wa 1890 alifika katika Kongo kijana mmoja mweusi wa Marekani, William Sheppard. Alizaliwa Virginia mwaka wa 1865, mwaka ule ule utumwa ulipokwisha katika nchi yake. Alitumwa na Wapresbiteri, akafanya kazi Luebo katika Kasai. Ilikuwa wakati wa kauchu. Mwaka wa 1899 misioni ilimtuma kuchunguza habari za vijiji vilivyoshambuliwa. Akafika katika kambi ya washambuliaji, akakuta mikono ya watu imekatwa, inakaushwa juu ya moto. Hakukimbia. Alihesabu: mikono 81. Akaandika.

Mwaka wa 1908 akaandika tena, katika gazeti dogo la misioni, juu ya taabu ya Wakuba. Kampani ya Kasai ikamshitaki, na mwaka wa 1909 akasimama mbele ya tribinali la Léopoldville. Ni nani aliyemtetea? Ni Emile Vandervelde, Mbelgiji, kiongozi wa wasoshalisti. Hakuwa mtu wa misioni. Alivuka bahari, akamtetea Sheppard bila kudai malipo ya kazi yake. Sheppard akaachiliwa huru.

Tena, mwaka wa 1904, Edmund Morel alianzisha Liverpool chama cha kutaka utawala wa Kongo ubadilishwe, kilichoitwa Congo Reform Association. Katika Uingereza na Marekani mikutano ilifanyika makanisani, na watu walionyeshwa picha alizopiga Alice Harris, mke wa mmisionari, picha za watu wetu waliokatwa mikono. Wamama ambao hawakujua hata Kongo iko upande gani walitoa fedha zao. Mwaka wa 1908 Mfalme Leopold alilazimika kuiachilia Kongo, ikawa mikononi mwa leta ya Ubelgiji. Ubaya haukwisha siku ile, tunajua vizuri. Lakini wazee wetu hawakulia peke yao.

2. SIKU AMBAYO HAPAKUWA AVOKA

Sasa tuhesabu miaka kumi na miwili tu. Mwaka wa 1921 Nabii Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba, tarehe 6 Aprili. Mwezi wa Septemba alikuwa mikononi mwa leta. Tribinali la kijeshi lilimhukumu Thysville, mji tunaouita leo Mbanza-Ngungu. Hakupewa avoka. Tarehe 3 Oktoba alikatiwa fimbo 120, na baada ya fimbo, kifo. Wamisionari wa Baptiste waliandika kuomba rehema, na Mfalme Albert akabadili kifo kuwa kifungo cha maisha. Papa Simon alipelekwa mbali na jamaa yake, mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Alikaa kifungoni miaka 30, akafa tarehe 12 Oktoba 1951. Mke wake, Mama Marie Muilu, hakumwona tena hapa duniani.

Ndugu, mweke kesi hizi mbili pamoja. Watu wawili weusi, nchi moja, leta moja. Wa kwanza alikuwa na mtetezi, na watu wa ng'ambo walikuwa wanatazama. Alitoka kwa mlango wa tribinali. Wa pili alisimama peke yake. Hatusemi kwamba avoka ni mwokozi. Mwokozi ni mmoja. Wala hatusemi kwamba Mungu alimwacha Nabii wake, maana neno lake halikufungwa pamoja naye. Tunasema hivi: sisi wa makanisa ya kinabii, kila mwaka tunaolilia siku ile ya Thysville, tungekuwa watu wa namna gani tukimwona mwingine anasimama peke yake, tukapita?

3. DENI LETU KWA NDUGU WA NG'AMBO

Mtu wa damu ya Afrika alivuka bahari kuja kuhesabu mikono yetu. Basi tujue habari za watu wake.

Katika Marekani watu weusi ni kama mmoja kwa watu saba au nane. Lakini katika magereza ya nchi ile wao ni karibu theluthi ya wafungwa. Mwaka wa 1989 avoka mweusi, Bryan Stevenson, alianzisha chama katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, kinachoitwa Equal Justice Initiative, kuwatetea maskini na wale waliohukumiwa kufa. Mmoja wa watu wake wa kwanza alikuwa Walter McMillian, mkata miti. Alishitakiwa kumwua msichana mzungu. Saa ya mauaji yale, yeye alikuwa nyumbani kwake pamoja na watu wa kanisa, wakiuza samaki ili kupata mchango wa kanisa. Wale wakristo walikwenda tribinalini wakasema: tulikuwa naye. Walikuwa watu weusi, hawakusadikiwa. Shahidi mmoja wa uongo alisadikiwa. Kesi ilikwisha kwa siku moja na nusu. Wazee wa baraza walitaka afungwe maisha, lakini hakimu alibadili akasema afe. Wale wa Stevenson walitafuta, wakapata ukanda ambamo shahidi yule analalamika kwamba analazimishwa kusema uongo. McMillian akatoka tarehe 2 Machi 1993, baada ya miaka karibu sita akingojea kifo.

Mwingine ni Anthony Ray Hinton. Alikamatwa mwaka wa 1985. Walisema risasi zilitoka katika bastola ya mama yake. Alikuwa maskini, na avoka aliyepewa na leta hakumpatia fundi mzuri wa silaha wa kusema ukweli. Alitoka tarehe 3 Aprili 2015. Mama yake alikuwa amekwisha kufa. Ni karibu miaka 30, kipimo kile kile cha Papa Simon.

Chama hiki kimejenga pia Montgomery mahali pa ukumbusho, palipofunguliwa mwaka wa 2018, kwa ajili ya watu weusi zaidi ya 4,400 waliouawa na makundi ya watu, bila hukumu yo yote, kati ya mwaka 1877 na 1950. Kazi hizi zote husimama kwa fedha za watu wanaotoa.

4. NA HAPA NYUMBANI

Mtu asiseme: hayo ni ya wazungu. Gereza la Makala, Kinshasa, lilijengwa mwaka wa 1957 kwa watu 1,500. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2024, wafungwa walipojaribu kutoka, lilikuwa na zaidi ya 12,000. Leta yenyewe ilisema watu 129 walikufa. Wengi wa waliofungwa mle walikuwa hawajahukumiwa bado. Hawa hawakufungwa kwa rangi ya ngozi. Walifungwa wakasahauliwa kwa sababu ya umaskini, maana asiye na mtu nje hana wa kuuliza dokima yake iko wapi.

Ndivyo Yosefu alivyokaa. Mnyweshaji wa Farao alitoka, akarudi katika kazi yake kwa mfalme, akamsahau. Ilipita miaka miwili. Hakumchukia Yosefu, alimsahau tu. Dhambi hii ya kusahau ndiyo ya wengi wetu.

Wako waliokataa kusahau. Mwaka wa 1983 Floribert Chebeya na wenzake walianzisha chama cha Voix des Sans-Voix, yaani sauti ya wasio na sauti. Mwezi wa Juni 2010 alikutwa amekufa baada ya kuitwa na polisi, na dereva wake, Fidèle Bazana, hakurudi tena. Watu wanalipa bei kubwa kwa kazi hii. Sisi tunaombwa franka kidogo.

MAJIBU KWA MAULIZO

"Je, wale wahalifu?" Hatuombi milango ya buloko ifunguliwe kwa wote. Aliyeua, aliyebaka, ahukumiwe, na yule aliyeumizwa apate haki yake. Katika nchi hii wengi wamelia bila kusikilizwa, nasi hatutawasahau. Lakini mahali alipofungwa asiye na kosa, mwenye kosa anatembea sokoni. Torati ilitaka mashahidi wawili au watatu, ili kumlinda asiye na kosa pamoja na mji wake.

"Je, si siasa?" Chama cha siasa kinatafuta kiti. Onesiforo hakutafuta kiti. Alitafuta ndugu.

"Je, fedha italiwa?" Neno hili ni la kweli, tumeona mengi. Kwa hiyo sadaka itahesabiwa mbele ya kanisa, itatolewa kwa karatasi ya malipo, na chama kitakachopokea kitatuletea habari kila miezi mitatu. Kisipoleta, tutaacha. Tena haitalipa matabishi kwa mtu ye yote. Kununua mlango kwa hongo ni kumfungia mwingine asiye na kitu.

Asiye na franka anaweza kutenda. Wamama wapike, maana gerezani mtu anaishi kwa chakula cha jamaa, na wengine hawana jamaa. Vijana waliosoma waandike majina: nani, tangu lini, kwa kosa gani. Sheppard alianza hivyo, kwa kuhesabu na kuandika.

Wapendwa, Jumapili ya mwisho ya mwezi inakaribia. Siku ile kila mmoja atoe kama moyo wake unavyomwambia, pasipo kulazimishwa. Na tuombe:

Ee Mungu wa baba zetu, uliyekuwa pamoja na Yosefu kifungoni, na Paulo katika minyororo, na Nabii wako miaka 30 katika Elisabethville, uwafariji wale wanaongojea usiku huu bila jina na bila mtetezi. Uwalinde wanaowatafuta. Uilainishe mioyo ya mahakimu. Nasi utuondolee haya na kusahau, ili siku ya Bwana nyumba zetu zipate rehema pamoja na nyumba ya Onesiforo.

Amina.