Kubwaga Mzigo na Kubwaga Moyo

Mchezaji anayeishi kwa mchezo wake ana siku nyingi za majaribu. Siku ya kushindwa ni moja, na siku ya kuumia ni nyingine. Lakini iko siku ya tatu, ambayo watazamaji hawaioni. Ni siku ambayo mwenzake aliyekuwa nyota wa timu amekwenda zake, naye aliyebaki anajiuliza kama nguvu alizokuwa nazo uwanjani zilikuwa zake au za yule aliyekwenda. Hapo huja fikira ya kustaafu. Je, ni haki mtu kuacha kazi kwa sababu mwenzake ameondoka?

Fikira hiyo isidharauliwe. Mpira wa miguu ni kazi ya ushirika. Mshambuliaji hukimbilia mahali patupu kwa imani kwamba pasi itafika; na mpigaji pasi hupiga mahali patupu kwa imani kwamba mwenzake atafika. Imani hiyo haijengwi kwa siku moja, wala hainunuliwi pamoja na mchezaji mpya. Nyota akiondoka haondoki na miguu yake tu. Huondoka na sehemu ya ujuzi wa yule aliyebaki.

Mfano uko karibu. Katika msimu wa 2020/21 klabu ya Simba ya Dar es Salaam ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara kwa mara ya nne mfululizo, na nahodha wake, John Bocco, akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Pamoja naye walicheza Clatous Chama wa Zambia na Luis Miquissone wa Msumbiji. Mwaka 2021 wote wawili waliuzwa, Chama kwa RS Berkane ya Morocco na Miquissone kwa Al Ahly ya Misri. Msimu uliofuata ubingwa ulikwenda Yanga, na mabao ya Bocco yakapungua. Si haki kusema kwamba upungufu huo ulikuwa na sababu moja, wala yaliyokuwa moyoni mwake si mali ya watu wengine. Kinachoonekana ni mwendo wake. Hakutundika daluga. Alibaki Simba hadi 2024, kisha akajiunga na JKT Tanzania, iliyokuwa ikichezea uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo huko Mbweni, pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, upande wa kwenda Bagamoyo.

Bagamoyo yenyewe ina neno la kusema katika jambo hili. Husimuliwa kwamba jina lake limetokana na maneno “bwaga moyo”, nayo hufasiriwa kwa njia mbili. Wapo wasemao kuwa ni neno la wapagazi, ambao walitoka Ujiji na Unyanyembe na pembe mabegani, na walipoiona bahari walitua mizigo yao wakastarehe. Wapo wasemao kuwa ni neno la watumwa, waliojua kwamba baada ya pwani ile hapakuwa na kurudi, wakakata tamaa. Ipi kati ya fasiri hizo ndiyo asili, si lazima kuamua hapa. Zinatosha kuonyesha kwamba kitendo kimoja cha kubwaga chaweza kuwa raha ya aliyemaliza safari au kilio cha aliyepotewa na matumaini. Kustaafu nako ni hivyo hivyo. Ila mtumwa hakupewa hiari, na mchezaji anayo.

Mji huo una ushahidi mwingine. David Livingstone alipokufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma na Susi na wenzao walikuwa na kila udhuru wa kutawanyika. Kiongozi wa safari alikuwa hayupo tena. Walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Walitenganisha mambo mawili ambayo mwenye huzuni huyachanganya: moyo waliuacha Chitambo, lakini mzigo waliutua Bagamoyo. Huzuni ina kaburi lake, na kazi ina bandari yake.

Hata hivyo, mpagazi aliijua bandari yake, na mchezaji haioni ya kwake. Mwili wake huchakaa mapema, na asiyejua kutua mzigo kwa wakati hudhulumu vijana wanaongoja nafasi. Basi kudumu peke yake si wema, kama vile kuacha peke yake si aibu. Kipimo ni swali moja: lau mwenzake angalibaki, naye angaliacha mwaka huu? Ikiwa jibu ni ndiyo, kwa kuwa goti limechoka na hamu imekwisha, basi kuondoka kwa mwenzake kumemwonyesha saa tu, na aache kwa heshima. Ikiwa jibu ni hapana, basi anachotaka kukikimbia si kazi bali upweke; na upweke hauponi kwa kukaa nyumbani.

Wala asimlaumu aliyekwenda. Naye ana miaka michache ya kuuza nguvu zake, na watu wa kuwalisha. Njia ya nyota si msingi wa kujengea nyumba ya mtu mwingine. Chama alirudi Simba Januari 2022, na mwaka 2024 akahamia Yanga, mtani wao wa jadi. Mtu aliyefunga safari yake na safari ya huyo angaliacha, akarudi, kisha akaacha tena, asijue mwenye miguu ni nani.

Iko kazi inayomngoja yule aliyebaki, nayo haiwezi kufanywa na mgeni. Aliyepokea pasi njema kwa misimu mitatu anajua pasi njema ikoje, na kijana aliye pembeni yake hajui. Akimfundisha, kile kilichoonekana kuondoka na nyota kitakuwa kimebaki katika timu. Siku kijana huyo atakapokimbilia mahali patupu bila kutazama nyuma, mzee wake anaweza kutua mzigo, kwa maana umepata mchukuzi.