Namba Moja Aliyebaki Nyumbani

Kabla ya msimu wa 2022/2023 kuanza, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha North Carolina, kule Marekani, ilitajwa kuwa namba moja nchini. Sababu ilikuwepo. Aprili 2022 ilicheza fainali ya vyuo na Kansas, ikaongoza kwa pointi 15 hadi mapumziko, kisha ikalala 72 kwa 69. Wachezaji wanne kati ya watano waliokuwa wakianza mechi walirudi kwa msimu mpya. Mashabiki wakaanza kushangilia kombe ambalo halijachezewa.

Machi 2023 ilipofika, timu ilikuwa imeshinda mechi 20 na kupoteza 13, na haikupata nafasi katika mashindano ya taifa. Tangu yalipopanuliwa kufikia timu 64 mwaka 1985, hakuna namba moja wa mwanzo wa msimu aliyekuwa amewahi kuyakosa kabla ya hapo.

Hasira ilikuwa kubwa. Lakini ushindi wa mechi 20! Vipo vyuo ambavyo vingekesha kwa ngoma. Shabiki aliudhiwa na ahadi aliyojipa mwenyewe, akaja kumdai kijana wa chuo mwenye mitihani yake. Hapo, kwa maoni yangu, dai lilipotea njia.

Msimu uliofuata, chini ya kocha yuleyule, Hubert Davis, timu iliongoza ligi ya ukanda wake.

Una mdogo wako anayechezea timu ya chuo? Nenda ukamtazame wiki hii, hata kama wanafungwa.