Mfupa ni Shahidi

Ndugu zetu, katika mwezi wa Agosti 1984, Kamoya Kimeu, fundi wa kutafuta mifupa ya kale, aliona kipande kidogo cha fuvu pahali paitwapo Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Yeye na wenziwe wakachimba, ikapatikana mifupa mingi ya mtoto wa kiume aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 160. Alikwenda wima kama twendavyo, lakini ubongo wake ulikuwa kama thuluthi mbili ya wetu. Wataalamu wengi humtia katika jamii iitwayo Homo erectus, na huihesabu jamii hiyo kuwa katika wazee wa binadamu.

Watu wawili wamepotoka katika jambo hili. Wa kwanza asema, "Huu ni uzushi wa Wazungu," ilhali aliyeuona mfupa kwanza ni Mkenya. Wala hakuuliza umri wake ulipimwa vipi. Wa pili asema, "Mfupa umepatikana, basi dini imekwisha." Sisi twasema: mfupa ni shahidi, na shahidi ana haki yake na mpaka wake.

Kadhi hamfukuzi shahidi kwa kuwa maneno yake ni mazito. Wala aliyeona mlango wazi hamlazimishi kumtaja mwizi. Mfupa huu washuhudia kimo, mwendo na meno. Na majivu ya volkano yaliyo katika tabaka za ardhi ile yashuhudia umri. Hayo yatupasa kuyasikiliza. Na neno la kwamba jamii ile ni wazee wetu halikusemwa na mfupa mmoja. Ni hukumu iliyojengwa juu ya mashahidi wengi, na atakaye kuipinga na awasome kwanza. Amma kwamba mtoto yule alibeba amana ya kujua haki na batili, au hakuibeba, hilo halimo mfupani, na adaiye kuliona humo amemzulia shahidi.

Qur'ani, katika Sura ya Al-Ankabut, yatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame namna uumbaji ulivyoanza. Basi kijana akituuliza habari ya mifupa hii nasi tukamkemea, tumemfundisha kuwa imani huogopa kutazama. Akishalisadiki hilo, ataiacha imani, wala hatakuja kutuaga.

Wallahu aalamu.