Baba Asiyeoa: Ana Neno Gani Mtoto Wake Akitakiwa na Mwingine?

Wazee wetu wa hapa Kivu, wakiona mtoto ambaye hawamjui, wanauliza: "Huyu ni wa nani?" Mara nyingi jibu ni jepesi. Lakini kuna mtoto ambaye swali hilo linamchoma: yule aliyezaliwa na kijana na binti ambao hawakuoana. Na shida inaongezeka siku ile mtu mwingine anakuja kusema: "Nataka mtoto huyu awe wangu mbele ya sheria." Anaweza kuwa bwana mpya wa mama, ama ndugu wa mjini mwenye uwezo, ama mgeni wa inchi ya mbali. Je, ni haki kumpokea mtoto huyo pasipo kumuuliza baba aliyemzaa?

Tuanze na mila. Kwa makabila mengi ya kwetu, kama vile Bashi, Bahavu na Barega, mtoto anahesabiwa upande wa baba. Lakini baba anajulikana kwa mahari. Ng'ombe ama mbuzi zilizoingia kwa wakwe ndizo zinashuhudia kwamba watoto ni wa ukoo wa bwana. Kijana akija mikono mitupu, ataambiwa: "Mutoto iko ya huku kwetu. Weye ulileta nini?" Na kwa Babemba wa Katanga, ukoo unafuata mama, na mjomba ana neno kubwa hata pale ndoa ilifanyika vizuri. Basi wale wanaosema kwamba mila inampa mwanaume haki juu ya kila mtoto aliyemzaa, hawakuiangalia vizuri. Mila haikuamini damu peke yake. Ilidai tendo, tena mbele ya watu.

Sheria ya inchi nayo inasema nini? Kitabu cha sheria ya jamaa, kile tunaita Kode ya Familia, kilitoka tarehe 1 Agosti 1987, na kikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Kinasema kwamba kila mtoto wa Kongo anapaswa kuwa na baba, na kwamba hakuna mtu mwenye ruhusa ya kumkana mtoto wake, azaliwe ndani ya ndoa ama inje. Kinakataza pia ubaguzi kati ya watoto hao. Lakini kwa mwanaume ambaye hakuoa, ubaba hauji wenyewe. Inafaa amtambue mtoto mbele ya ofisi ya leta inayoandika vizazi, na sheria inamtaka afanye hivyo katika miezi 12 ya kwanza. Asipojulikana baba, tribinali inaweza kumpa mtoto baba wa kisheria, kwa kawaida kutoka jamaa ya mama.

Hapo ndipo kuna fundo la mambo yote. Mtoto mdogo akitakiwa na mwingine, wazazi wote wawili wanapaswa kukubali, kama wote wawili wanatambulikana kisheria. Yule ambaye jina lake haliko kwenye karatasi hana nguvu hiyo. Tangu sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kesi hizo ni za tribinali ya watoto. Zuzi anasoma karatasi, hasomi damu.

Swali hili halisumbui Kongo peke yake. Kule Marekani, mwaka 1972, tribinali kuu iliamua kwamba baba mmoja wa Illinois, aliyeishi na mama ya watoto wake pasipo ndoa, hakupaswa kunyang'anywa watoto, mama alipokufa, bila kusikilizwa kwanza. Lakini mwaka 1983, tribinali ileile ilimkatalia baba mwingine wa New York. Mama aliolewa na mwanaume mwingine, na huyo akampokea mtoto kisheria. Baba aliyemzaa hakuwa amejiandikisha kwenye buku ambalo serikali ya huko iliweka kwa ajili ya wanaume kama yeye. Wazuzi wengi walisema kwamba damu inamfungulia mwanaume mlango tu. Ni juu yake kuingia. Wachache walipinga, wakakumbusha kwamba mtu huyo alidai kwamba mama alimficha mtoto.

Mimi ninaona pande zote mbili ziligusa ukweli. Wahenga walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mwanaume aliyemkimbia binti mwenye mimba, asiyeleta hata sabuni, akija baada ya miaka saba kuzuia mlezi mwema, anataka kuvuna shamba ambalo hakulima. Kumpa neno la mwisho ni kumuumiza mtoto.

Lakini tusimsahau yule ambaye alifukuzwa mulangoni. Kuna familia inayotaja malipo ya mimba ambayo kijana hawezi kupata, kisha inasema: "Hakujitokeza." Mahali hapo mila imegeuka soko. Hatuwezi kumfungia mtu mlango kisha kumhukumu kwa sababu hakuingia.

Wengine watasema: "Haki ya baba ni ya nini, kama mtoto anakula na anasoma?" Ninajibu kwamba jambo hili linamhusu mtoto kwanza. Hata sheria yetu inaacha mtoto aliyepokelewa ashike kamba yake na jamaa alimotoka. Siku moja atauliza: "Baba yangu aliulizwa?" Inafaa tuwe na jibu ambalo halitatupatia haya.

Kwa hiyo, vijana, nendeni mumuandikishe mtoto mapema, hata kama mahari bado. Wazee, pokeeni kijana anayekuja kwa heshima. Malipo yanaweza kungoja, mtoto haingoji. Na yeyote anayetaka kumpokea mtoto wa mwenzake, kwanza atafute baba na amuulize waziwazi. Akipatikana na kukataa, sababu zake zipimwe kwa yale aliyomtendea mtoto, na kwa yale aliyozuiwa kumtendea.