Chai ya Asubuhi ya Noeli



Noeli inapokaribia, maneno katika kila nyumba huwa yale yale: nguo za watoto, nauli ya kwenda mashambani, mbuzi, mchele. Leo sitasema juu ya mbuzi. Nataka tuzungumze juu ya jambo dogo ambalo wengi wetu hatulifikirii hata kidogo, nalo ni chai ya asubuhi ya Noeli. Mtakula nini asubuhi hiyo? Mtakula saa ngapi? Na ni nani atakayeandaa?

Huenda mwingine atacheka na kusema, "Katekista amekosa la kufundisha." Usicheke upesi, ndugu yangu. Nimeona nyumba ambamo sikukuu nzima iliharibika kabla jua halijapanda, na chanzo chake kilikuwa chai na kitu cha kuilia. Moja ya nyumba hizo ni yangu mwenyewe.

Nilifunga ndoa mwaka 2004. Nyumbani kwetu, nilikolelewa, hakuna aliyetia kitu kinywani asubuhi ya Noeli kabla ya Misa. Nyanya yangu alibatizwa zamani, wakati ambapo mtu aliyetaka kupokea Komunyo Takatifu hakula wala kunywa chochote, hata maji, tangu usiku wa manane. Aliishika desturi hiyo mpaka kufa kwake. Alimfundisha mama yangu, naye mama akatufundisha sisi. Tulipotoka kanisani tulikuta chapati na chai ya maziwa ziko tayari mezani. Sikujiuliza hata mara moja ni nani aliyezipika chapati hizo wakati sisi tulipokuwa tukiimba.

Kwa wazazi wa mke wangu mambo yalikuwa tofauti. Waliamka alfajiri, wakanywa chai kwa viazi vitamu, baba, mama na watoto pamoja, kisha wakatembea wote kwenda kanisani.

Nilipopata nyumba yangu niliweka sheria bila kumwuliza mtu. Nilisema hatuli kitu kabla ya Misa, na tukirudi chai na chapati ziwe tayari, kwa maana ndugu zangu watafuatana nami kutoka kanisani. Nilijiona baba mcha Mungu. Kituo chetu kina Misa moja tu siku hiyo, saa tatu, kwa sababu Padre huharakisha kwenda kituo kingine. Hebu fanya hesabu mwenyewe. Nani atakaa nyumbani asukume chapati za watu kumi na watano ikiwa wote wako kanisani?

Katika Majilio ya mwaka 2011, jioni moja, mke wangu alikuwa akichambua maharagwe, nami nilikuwa nikiandika matangazo ya kituo. Bila kuinua macho aliniambia, "Baba Tereza, tangu unioe sijapokea Komunyo siku ya Noeli."

Nilimjibu vibaya. Nilisema, "Si ungeamka mapema zaidi?" Hakusema neno tena. Aliendelea na maharagwe yake. Siku mbili tulikaa katika nyumba hiyo tukisemezana kwa kupitia watoto.

Siku ya tatu nilikaa nikahesabu. Zilikuwa Noeli saba. Mara saba nilisimama mbele ya waamini nikiwaongoza katika sala, nikawahimiza waje wote kwa Mtoto Yesu, na mke wangu alikuwa nyumbani mbele ya moshi kwa amri yangu. Noeli ni sikukuu iliyoamriwa, nasi Wakatoliki tunapaswa kushiriki Misa. Nilikuwa nikifundisha amri hiyo, na mimi ndiye niliyemzuia mtu wa kwanza ambaye Mungu alinikabidhi. Nilikwenda jikoni nikamwomba msamaha. Haikuwa rahisi. Mwanamume hujifunza kuomba msamaha akiwa amechelewa.

Wapendwa, nimewaeleza aibu yangu ili msirudie kosa hilo. Sasa tufundishane.

Kwanza, tujue Kanisa linasema nini. Desturi ya nyanya yangu ilikuwa sheria katika wakati wake. Mwaka 1953 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliruhusu maji yanywewe bila kuvunja mfungo. Mwaka 1957 aliupunguza mfungo ukawa wa saa tatu kwa chakula. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliufanya kuwa saa moja. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni namba 919, inasema hivyo hivyo: saa moja kabla ya Komunyo, mtu asile wala asinywe isipokuwa maji na dawa. Angalia vizuri, ni saa moja kabla ya Komunyo, si kabla ya Misa kuanza. Wazee, wagonjwa na wale wanaowatunza wamesamehewa hata saa hiyo moja. Basi anayekunywa chai saa moja asubuhi na kwenda Misa ya saa tatu hajavunja kitu chochote. Ukitaka kufunga zaidi kwa ibada yako, funga. Lakini usimfungishe mama anayenyonyesha, wala usimtembeze mtoto mdogo kilomita nne na tumbo tupu, kisha ukamkemea akianza kulia wakati wa mahubiri.

Pili, tuangalie Maandiko. Mwinjili Luka anatuambia kwamba Maria alimlaza Mwanawe katika hori. Hori ni nini? Ni mahali ambapo mifugo hulishwa. Na jina Bethlehemu kwa Kiebrania maana yake ni nyumba ya mkate. Tangu usiku wake wa kwanza, Bwana wetu aliwekwa mahali pa chakula, kwa maana alikuja kuwa chakula chetu. Kwa hiyo meza ya nyumbani asubuhi ya Noeli si jambo la tumbo peke yake. Ni ndugu mdogo wa altare. Kama kwenye meza hiyo kuna mmoja anayekula na mwingine anayetumikishwa, tutawezaje kusema kwamba kwenye altare sisi ni mwili mmoja? Mtakatifu Paulo aliwakemea Wakorinto kwa kosa lililo jirani na hilo. Walikusanyika kwa karamu ya Bwana, lakini wengine walishiba na kulewa na wengine wakabaki na njaa.

Somo ninalolipenda zaidi liko mwishoni mwa Injili ya Yohane, sura ya 21. Mitume walivua samaki usiku kucha wasipate kitu. Kulipopambazuka Yesu mfufuka alisimama ufuoni. Walipofika nchi kavu walikuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Akawaambia walete pia samaki waliovua wao, kisha akawaita waje wafungue kinywa. Ewe mume mwenzangu, soma sura hiyo polepole. Yeye aliyeshinda mauti aliwaandalia chakula cha asubuhi watu waliochoka kwa kazi ya usiku. Hakuona kwamba moto wa makaa unamshushia heshima. Je, wewe na mimi ni wakubwa kuliko Yeye?

Tatu, mchague chakula chenu pamoja, na mchague kulingana na mfuko wenu. Wamisionari wengi waliotuletea Injili walitoka Ulaya, ambako Noeli huangukia katikati ya baridi kali. Huko asubuhi ya sikukuu mtu hutafuta kitu cha moto na kizito. Siku hizi simu zinatuletea picha za meza za namna hiyo: soseji, nyama ya nguruwe, keki yenye sukari juu kama theluji. Kula vitu hivyo si dhambi. Lakini ikiwa shule zinafunguliwa Januari na karo haijatimia, usinunue picha kwa karo ya mtoto. Viazi vitamu, nduma, mayai ya kuku wako, uji wa wimbi wenye maziwa, mandazi yaliyopikwa jana yake, vyote hivyo ni chakula cha sikukuu kikiliwa kwa amani. Chapati pia ni njema. Kilo 2 za unga wa ngano hutoa chapati 20 hivi, na asiyewahi kuzisukuma zote peke yake asidharau mgongo wa anayezisukuma.

Nne, na hili nawaambia hasa wanaume, ukibadilisha desturi, wewe ndiwe uwaambie ndugu zako. Usimwachie mkeo aibu hiyo. Noeli ile ya 2011 tulichemsha viazi vitamu na nduma jioni ya mkesha. Asubuhi niliwasha jiko mimi mwenyewe, nikapika chai na kuitia kwenye thamosi. Saa moja tulikula wote tukiwa tumeketi, hata mke wangu, na saa mbili tukafunga mlango tukaenda. Tuliporudi na ndugu zangu, mmoja alitazama meza akasema, "Nimetoka mbali kuja kwa kaka yangu kula nduma?" Mke wangu aliinamisha kichwa. Hapo nilijua kwamba nikinyamaza, msamaha niliouomba jikoni ulikuwa maneno matupu. Nikasema mbele ya wote, "Chapati zipo. Unga uko jikoni. Mwaka huu shemeji yenu alikuwa kanisani pamoja nasi, kwa hiyo tutazipika sote." Palikuwa kimya kidogo. Kisha mdogo wetu wa mwisho akakunja mikono ya shati. Chapati zake hazikuwa duara, na yule aliyelalamika hakugusa unga, alikaa nje mpaka chakula kikaiva. Lakini alikula, na mwaka uliofuata alikuja tena.

Sikuambii kwamba ugomvi wote uliisha siku hiyo. Mama yangu alinuna kwa sababu tulikula kabla ya Misa. Nilimweleza taratibu sheria ya Kanisa, naye akasema atafuata njia ya mama yake. Tukamwachia, kwa kuwa ni ibada yake nzuri. Heshima kwa mzazi haimaanishi kwamba lazima mkeo alipe gharama yake. Ulipofunga ndoa mbele ya altare mlianza nyumba mpya, na nyumba mpya inaweza kuwa na asubuhi yake mpya.

Nanyi kina mama, nina neno dogo kwenu. Mke wangu alinyamaza miaka saba. Alidhani uvumilivu ndio huo. Lakini waume wengine, kama mimi, hatuoni kitu mpaka tuambiwe. Usingoje moyo ujae. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwambie mapema, mkiwa wawili, bila watoto wala wageni, bila kumkumbusha makosa ya miaka yote. Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake "Amoris Laetitia" wa mwaka 2016, alizikumbusha familia maneno matatu: naomba, asante na samahani. Maneno hayo hayanunuliwi dukani, na asubuhi ya Noeli yanatosha kuitia chai sukari.

Mwisho, msisahau mlango wa jirani. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 8, watu waliambiwa wasihuzunike siku takatifu, wale vinono na kuwapelekea sehemu wale wasio na kitu. Katika jumuiya yenu ndogo ndogo yuko mjane, au mzee anayeishi peke yake. Mnapopanga chai yenu, pangeni na kikombe chake. Mtumeni mtoto ampelekee viazi viwili vya moto kabla ya kwenda Misa.

Kabla ya Noeli, tafuteni jioni moja mketi wawili na kuulizana haya:

1. Nyumbani kwenu mlikula nini asubuhi ya Noeli, na ni nani aliyepika?
2. Mwaka huu tutakula nini, saa ngapi, na kila mmoja atafanya kazi gani?
3. Je, yuko mtu wa nyumba hii ambaye huikosa Misa kwa sababu ya chakula chetu?
4. Tunaweza kutumia fedha kiasi gani bila kugusa karo?
5. Ni nani atakayewaambia wageni, na atawaambia lini?

Kisha salini pamoja: Ee Yesu, uliyelazwa katika hori kwa ajili yetu, ukawawashia mitume wako moto ufuoni, njoo uketi mezani petu. Utupe macho ya kuona uchovu wa mwenzetu, na mikono isiyoona haya kumtumikia. Utukutanishe sote mbele ya altare yako, asibaki nyuma hata mmoja. Amina.

Nawatakia Noeli njema. Na wewe mume mwenzangu, usiku wa mkesha, kabla hujalala, uliza makaa yako wapi.