Wajibu wa Mtoto kwa Mzazi Mzee: Deni au Adabu?

Wajibu wa mtoto kwa mzazi aliyezeeka ni miongoni mwa maswali ya zamani sana ya dini na falsafa. Kiini chake ni hiki: yale anayofanyiwa mzee na watoto wake ni malipo ya deni la malezi, au ni jambo la namna nyingine kabisa? Katika Ras al Hadd, ncha ya mashariki kabisa ya Bara Arabu, ambako Bahari ya Omani inakutana na Bahari ya Arabuni, swali hili lina uzito wa pekee. Kijiji hiki cha wavuvi kiko katika wilaya ya Sur, mkoa wa Sharqiyah Kusini, kwenye njia ya majahazi yaliyokuwa yakienda Lamu, Mombasa na Unguja. Familia nyingi za Sharqiyah, kuanzia Sur hadi Ibra, zina wazee waliozaliwa Afrika Mashariki. Nyumba moja huweza kuwa na bibi anayeota kwa Kiswahili, mtoto wake aliyesomea Maskati, na mjukuu anayeulizwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiarabu. Wajibu mmoja hulazimika kupita katika vizazi vitatu ambavyo havikulelewa pahali pamoja.

Maumbile na amri

Fukwe za Ras al Hadd na jirani yake Ras al Jinz zinajulikana kwa kasa uziwa, na tangu mwaka 1996 zimo ndani ya hifadhi ya serikali. Kasa jike hupanda pwani usiku, huchimba shimo, hutaga mayai mia moja hivi, huyafukia kwa mapezi, kisha hurudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi vitoto huanguliwa, hujichimbua vyenyewe na kukimbilia maji. Havimjui mama, wala mama havijui.

Wanyama wengine hulea. Hata hivyo, kwa hao wanaolea, huruma kwa kawaida huteremka: mzazi humhurumia mtoto, na mtoto akishakua kila mmoja hushika njia yake. Binadamu naye ana mteremko huohuo. Waswahili husema mtoto akinyea mkono, mkono haukatwi, na hakuna mama anayehitaji kuhubiriwa jambo hilo. Lakini methali hiyo haisemi kitu juu ya mkono wa mtoto, siku ile mzazi atakaposhindwa kujizuia. Huruma ya kupanda, kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi, haikuachiwa maumbile peke yake, imewekewa amri. Ndiyo maana katika Surat al-Israa, aya ya 23, kuwatendea wema wazazi kumetajwa mara tu baada ya amri ya kumwabudu Mungu mmoja, na hali iliyotajwa kwa jina ni ya uzee: mzazi mmoja au wote wawili wakifikia uzee wakiwa kwa mtoto wao.

Hali ya uzee katika mafundisho

Kurani inaueleza umri wa mwanadamu kama udhaifu, kisha nguvu, kisha udhaifu na mvi (Surat ar-Rum, aya ya 54). Pia inataja kwamba wapo wanaorudishwa kwenye umri wa chini kabisa, hata wasijue kitu baada ya kuwa wajuzi (Surat an-Nahl, aya ya 70). Uzee basi haukupambwa. Unaelezwa kuwa ni upungufu wa kweli, na sheria inauchukulia hivyo.

Kwa sababu hiyo ibada za mzee zimepangwa upya kwa kadiri ya mwili wake. Zipo zinazobadilika umbo: asiyeweza kusali kwa kusimama husali kwa kukaa, asiyeweza kukaa husali kwa kulala, na akishindwa huashiria, lakini maadamu akili ipo, sala ni yake na hakuna wa kumsalia. Zipo zinazotolewa badala: kikongwe asiyeweza kufunga Ramadhani hulisha maskini kwa kila siku iliyompita. Na zipo zinazoweza kushikwa na mwingine: katika Hadithi mashuhuri, mwanamke wa kabila la Khath'am alimuuliza Mtume kama anaweza kumhijia baba yake, mzee asiyeweza kujikalisha juu ya mnyama, naye akaruhusiwa.

Katika misikiti ya Sharqiyah mpangilio huu unaonekana kwa macho. Mwishoni mwa safu huwekwa viti, na mzee ambaye zamani aliongoza chombo huketi hapo akiinamisha kichwa pale mjukuu wake anaporukuu. Safu ni ileile moja, na sala ya aliyekaa haihesabiwi kuwa nusu ya sala ya aliyesimama, maadamu kilichomkalisha ni udhuru. Udhaifu umepunguza kazi ya mwili. Haukupunguza cheo cha mtu.

Udhaifu wa hoja ya deni

Maelezo mepesi ya wajibu wa mtoto ni kwamba analipa fadhila: alibebwa, sasa abebe, alilishwa, sasa alishe. Hoja hii ina ukweli ndani yake, kwa kuwa Surat Luqman, aya ya 14, inamkumbusha mtu dhiki ya mama katika mimba na miaka miwili ya kunyonyesha. Ila ikitazamwa kwa makini inakwama mahali pawili.

Kwanza, deni hili halina kipimo. Imepokewa kwamba mtu wa Yemeni alimbeba mama yake mgongoni akamzungusha Alkaaba, kisha akamuuliza Abdullah bin Umar kama sasa amemlipa. Akajibiwa kwamba hajalipa hata pumzi moja ya uchungu wa uzazi. Katika Hadithi nyingine mtoto hamlipi mzazi wake isipokuwa amkute mtumwa, amnunue na kumwacha huru. Deni lisilolipika si deni la kawaida, maana kazi ya deni ni kulipwa likaisha.

Pili, deni hupungua pale mdai alipotoa kidogo. Kwa hesabu hiyo baba aliyekuwa safarini miaka yote angestahili kidogo, na aliyemtupa mtoto asingestahili chochote. Mafundisho hayakwenda hivyo. Aya ya 15 ya Surat Luqman inazungumzia wazazi wanaomshurutisha mtoto kumshirikisha Mungu: hapo asiwatii, lakini akae nao duniani kwa wema. Utii una mpaka, wema hauna.

Tofauti hii kati ya utii na wema ina uzito mkubwa kwa Waibadhi, ambao madhehebu yao yana mizizi Nizwa na kote katika bara ya Omani, na ambao huko Sharqiyah wanaishi pamoja na Wasuni. Kwa itikadi ya Kiibadhi, mwenye dhambi kubwa akifa bila kutubu hana matumaini ya kutoka motoni, na kuwaasi wazazi ni katika dhambi kubwa. Wakati huohuo yapo mafundisho ya walaya na baraa, yaani kushikamana kwa moyo na watu wema na kujitenga kwa moyo na muovu asiyetubu. Mtoto huweza kulazimika kuyakataa matendo ya baba yake, na bado akawajibika kumshika mkono akivuka njia. Radhi za mzazi nazo haziwi silaha: mzazi anayetishia laana ili mwanawe adhulumu hana haki ya kutiiwa katika hilo.

Umbali

Katika pwani hii swali la mzazi aliye mbali si geni. Wasuri walisafiri na kaskazi kwenda Afrika na kurudi na kusi, na kwa miezi mingi ya mwaka wazee walibaki nyumbani na wanawake na watoto. Wengine walikuwa na familia pande zote mbili. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalitawanya familia hizo, na baada ya Sultani Qaboos kushika utawala Julai 1970 wengi walihamia Omani wakiwa vijana, wakaajiriwa maofisini na mashuleni. Vijana wale ndio wazee wa leo. Baadhi yao waliwaacha wazazi Unguja wakazikwa bila wao, na sasa wao wenyewe wana watoto Maskati, Dubai au Uingereza.

Fikihi, yaani elimu ya sheria za dini, inaufuata uwezo. Kuunga undugu ni wajibu, lakini namna yake ni ile inayowezekana: zamani barua na salamu kwa nahodha, leo ujumbe wa sauti na safari ya ndege ya saa chache. Kwa hiyo kurahisika kwa njia kumeongeza wajibu. Mtoto wa baharia aliyengoja kusi alikuwa na udhuru ambao mwenye simu mkononi hana.

Kinachoweza kukabidhiwa na kisichoweza

Tangu Januari 2024, chini ya Sheria ya Hifadhi ya Jamii iliyotolewa kwa amri ya Sultani namba 52 ya 2023, raia wa Omani aliyefika umri wa miaka 60 hupata rial 115 kwa mwezi. Kwa fikihi, matunzo ya fedha ni haki ya mzazi asiye na kitu. Mzazi mwenye chake hamdai mtoto matunzo hayo. Kwa hiyo sehemu hii ya wajibu huweza kubebwa na serikali, na si aibu kwa mtoto.

Kazi za mwili nazo hukabidhiwa. Nyumba nyingi zina mfanyakazi wa kike kutoka nje anayemwogesha mzee, kumlisha na kumpa dawa kwa saa zake. Pale anapotoka Tanzania hutokea jambo la kuzingatiwa: huenda yeye ndiye pekee nyumbani anayezungumza na bibi kwa Kiswahili kutwa nzima, akamsikiliza habari za mitaa ya Unguja ambazo wajukuu hawazifahamu. Anastahili mshahara wake kamili, mapumziko na heshima, lakini haajiriwi awe mtoto.

Kisichokabidhika kinaonekana katika mambo madogo. Kahawa inapoletwa, mjukuu hushika dele kwa mkono wa kushoto na finjani kwa wa kulia, humwanza mkubwa wao, na huendelea kumimina mpaka mzee aitikise finjani kuonyesha kwamba ametosheka. Mtu wa kuajiriwa aweza kumimina kahawa hiyohiyo, lakini hawezi kuwa mjukuu aliyesimama. Ni hivyo pia kwa kusalimiwa asubuhi, kuulizwa shauri kabla ya posa kujibiwa, na kutokatizwa hadithi iliyokwisha kusikika mara nyingi. Aya ya al-Israa haikutaja kiasi cha chakula wala cha fedha. Ilikataza hata guno la kuchoshwa, ikaamuru maneno ya heshima. Ilichodhibiti ni adabu.

Mzazi asiyemtambua mtoto

Mtihani mkubwa wa hoja zote ni maradhi ya kusahau. Mzee aliyepotewa na akili ameondolewa wajibu wa kisheria: hadaiwi sala wala saumu. Huweza kumwita bintiye kwa jina la dada yake aliyekufa, au kumfukuza kama mgeni. Kama wema ni malipo, mdai hajui tena kwamba analipwa. Kama ni biashara ya kutafuta radhi, ulimi wa kuzitamka umefungika. Kama ni kulinda sifa mbele ya jirani, mengi yanafanyika ndani ya chumba asipoingia jirani. Kinachobaki ni adabu ambayo mtoto anadaiwa na Mungu, si na mzazi, na ambayo haipungui mzazi anaposahau. Kwa hiyo maelezo ya adabu yanasimama pale ambapo ya deni yanaanguka.

Baada ya kifo

Wajibu hauishii kaburini, na hili nalo linathibitisha jibu lilelile. Mtoto huwaombea wazazi dua, hulipa madeni yao kutokana na mali waliyoacha na kutekeleza wasia usiozidi theluthi. Waibadhi husisitiza kwamba katika wasia huo liwemo fungu la jamaa wa karibu wasiorithi. Kisha huwaunga ndugu wa mzazi na kuwaheshimu marafiki zake, jambo ambalo Mtume alilihesabu kuwa katika wema mkubwa kabisa. Mzee wa Ras al Hadd aliyesafiri na marehemu baba wa mtu hubaki na haki kwa mtu huyo: atembelewe akiugua, na apewe nafasi ya mbele akiingia barazani.